Kwa Nini Dawa ya Jana Haitibu Leo? Kutoka Madimbwi ya Buterere Hadi Kompyuta za Wataalamu

Mvua zikishika Bujumbura, Buterere huwa miongoni mwa mitaa inayochelewa kukauka. Mtaa huo uko kaskazini mwa mji, katika tambarare ya Imbo, si mbali na uwanja wa ndege. Ardhi yake ni ya chini, na maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Ndiko liliko jalala la mji, na ndiko yaliko mabwawa ya kusafishia maji machafu. Tambarare hiyo hiyo, inayoambaa na mto Rusizi, hulimwa mpunga, na mpunga hutaka maji yatuame. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kibelgiji, Marc Coosemans, alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya katika tambarare ya Rusizi. Alikuwa amelinganisha watu wakaao penye mashamba ya mpunga na wale wakaao penye mashamba ya pamba, akakuta kwamba malaria imekithiri zaidi penye mpunga. Mama wa Buterere asingehitaji kusoma taarifa hiyo ili kujua jambo hilo. Mbu humwimbia sikioni kila jioni.

Makala haya hayakusudii kurudia habari za chandarua, ambazo wasomaji wetu wamezisikia mara nyingi na ambazo bado ni za kweli. Yanakusudia kujibu swali jingine, ambalo huulizwa katika nyumba nyingi na kujibiwa kwa kubahatisha. Bibi alipokuwa kijana alipewa klorokwini, kidonge kichungu kilichowafanya watu wengi wajikune mwili mzima, akapona. Binti yake alipewa Fansidar, akapona. Mjukuu leo hupewa dawa mseto yenye artemisinini. Kwa nini dawa zinabadilishwa hivi? Je, zile za zamani ziliharibika?

Wako wasemao kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa. Hilo si kweli. Mtoto ambaye hajawahi kumeza klorokwini maishani mwake anaweza kuugua malaria ambayo klorokwini haiiwezi. Aliyebadilika ni kimelea, yule mdudu asiyeonekana kwa macho, ambaye mbu humwingiza katika damu. Wako pia wasemao kwamba vidonge ni vya bandia. Naam, vidonge vya bandia vipo, na mnunuzi hana budi kujihadhari navyo, lakini hata kidonge halisi kilichotoka kiwandani jana kinaweza kushindwa.

Burundi ililiona jambo hili kwa machungu. Kati ya mwisho wa mwaka 2000 na katikati ya mwaka 2001 malaria ililipuka, hasa katika mikoa ya milimani kama Kayanza, Ngozi na Karuzi, ambako watu hawakuwa na kinga ya kutosha. Zilihesabiwa homa zaidi ya milioni 3 katika nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni 7. Klorokwini ilikuwa imekwisha kuchoka. Fansidar ilitumika kwa muda, na mwaka 2003 serikali ikachukua dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini. Kila badiliko la namna hiyo maana yake ni fedha nyingi, mafunzo mapya kwa wauguzi, na, kabla ya hapo, watoto waliopewa dawa isiyowafaa.

USHANGA WA 108

Ili kuelewa ni kitu gani hasa kilichobadilika ndani ya kimelea, hebu tuanze na shanga.

Chukua uzi, utunge shanga za aina 20, kila aina na umbo lake: nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine zenye kupenda maji, nyingine zenye kuyakimbia. Sasa fikiri kwamba uzi huo, ukishautia katika maji, unajikunja wenyewe na kuwa fundo lenye umbo maalumu, na kwamba kila mara ukitunga shanga kwa mpangilio ule ule fundo hutokea lile lile. Ndivyo zilivyo protini. Shanga zenyewe wataalamu huziita asidi amino. Protini tunazokula katika maharage na ndagala humeng'enywa tumboni zikawa shanga moja moja, kisha mwili huzitunga upya kwa mahitaji yake. Kimelea naye anazo protini zake, na kila moja ina kazi.

Mojawapo ya protini hizo ina shanga 608. Sehemu yake moja ni kimeng'enya kinachoshughulikia asidi foliki, vitamini ile ile ambayo sisi huipata katika lengalenga, maharage na mboga nyingine za majani. Kimelea bila vitamini hiyo hawezi kunakili jeni zake, na asiyeweza kunakili jeni hawezi kuzaliana. Katikati ya fundo hilo pana kitu kama mfuko mdogo, na humo mfukoni ndimo kazi inamofanyika. Dawa iitwayo pirimethamini, iliyotengenezwa katikati ya karne iliyopita katika kundi la George Hitchings na Gertrude Elion huko Marekani, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1988, hujipenyeza katika mfuko huo na kuuziba. Fansidar ni pirimethamini iliyochanganywa na sulfadoksini, ambayo huzuia hatua ya nyuma yake katika kazi hiyo hiyo. Sisi wanadamu pia tunacho kimeng'enya cha namna hiyo, ila mfuko wake una umbo tofauti kidogo, na kwa tofauti hiyo ndogo dawa humwangamiza kimelea pasipo kumwangamiza mgonjwa.

Mambo yalianza kwenda mrama mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miaka ya 1950, huko Mkuzi, karibu na Muheza katika Tanganyika ya wakati ule, watu walipewa pirimethamini ili wajikinge, na muda si muda vimelea vikaonekana kutoijali. Sababu yenyewe haikujulikana hadi mwaka 1988, wataalamu walipozisoma jeni za vimelea sugu wakakuta kwamba ushanga wa 108 umebadilishwa. Mahali pa asidi amino iitwayo serini palikuwa na nyingine, asparajini. Ushanga mmoja tu kati ya 608, na tofauti ya shanga hizo mbili ni atomi chache! Baadaye yalionekana mabadiliko mengine juu ya hilo, katika ushanga wa 51, wa 59, na mwishowe wa 164. Kila badiliko lilimwongezea kimelea ukaidi.

Mwaka 2004 watafiti wakaonyesha jambo la kustaajabisha zaidi, kwamba vimelea vyenye mabadiliko matatu kwa pamoja vilivyoenea Afrika havikuzaliwa Afrika. Uzao wao ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Vilisafiri katika damu za watu, bila pasipoti wala cheti.

PICHA YA MPIGA NGOMA

Kujua kwamba ushanga wa 108 umebadilika ni jambo moja. Kujua kwa nini badiliko hilo huisukuma dawa nje ya mfuko ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo kazi ya maabara na kazi ya kompyuta zinapokutana.

Kitu kidogo namna hii hakionekani kwa hadubini ya kawaida. Kwa hiyo wataalamu hufanya hivi. Jeni ya kimelea huwekwa ndani ya bakteria, ambao hugeuka vibarua wa kutengeneza protini ile kwa wingi. Protini husafishwa, kisha huachwa ijipange polepole kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda maji yanapokauka, ila kwa shida kubwa mno, kwani zipo protini zilizowachosha watu miaka kadhaa bila kutoa fuwele hata moja. Fuwele ikipatikana hupigwa kwa miali ya eksirei, nayo hutawanya miali hiyo ikaacha madoa mengi yaliyopangika. Kutokana na madoa hayo, kwa hesabu ndefu, hupatikana mahali pa kila atomi. Hata hapo mwanzo kabisa hesabu hazikuwezekana kwa kalamu na karatasi peke yake. John Kendrew wa Cambridge, aliyepata umbo la kwanza la protini mwaka 1958, alihitaji kompyuta ya chuo hicho, mashine kubwa iliyojaza chumba.

Kwa kimeng'enya cha malaria fuwele zilisumbua. Kwa hiyo watafiti wa Italia na Thailand hawakungoja. Mwaka 2000 walichapisha kielelezo walichokijenga kwa kompyuta, wakitumia maumbo yaliyokwisha kujulikana ya vimeng'enya vya jamii hiyo katika viumbe vingine, kama fundi cherehani anavyomkisia mtu nguo kwa kumtazama ndugu yake. Kielelezo kilisema kwamba asparajini ya 108 imejitokeza mfukoni na kugongana na ncha ngumu ya pirimethamini. Mwaka 2003 kundi la Thailand, lililoongozwa na Yongyuth Yuthavong, likachapisha umbo halisi lililopatikana kwa fuwele na eksirei. Mgongano ulikuwa pale pale. Palikuwa pia na mambo ambayo kielelezo hakingeweza kuyajua, maana protini hiyo ina sehemu ambazo ndugu zake hawana.

Je, picha ikishapatikana kazi imekwisha? Mtazame mpiga ngoma wa Burundi katika picha ya gazeti. Ameruka juu, miguu imekunjwa, mikono imeinuliwa. Ni picha nzuri. Lakini mtu asiyewahi kuiona ngoma ile hawezi, kwa kuitazama picha hiyo, kujua mdundo wake, wala atatua kwa mguu gani. Protini nayo haitulii. Katika joto la mwili hutetemeka, hujifungua na kujifunga, na mfuko wake hupanuka na kubana. Huenda dawa huingia mfuko ukiwa katika mkao ambao fuwele haikuuonyesha kamwe.

Mwendo huo ndio unaotafutwa kwa hesabu. Kila atomi huhesabiwa kuwa mpira mdogo, na vifungo vya atomi kuwa springi. Atomi nyingine huvutana, nyingine husukumana. Maji yaliyoizunguka protini nayo huhesabiwa, molekuli moja moja. Kisha kompyuta huuliza: kwa nguvu hizi, kila atomi itakuwa wapi punde kidogo kutoka sasa? Punde hiyo ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni ya bilioni, au pengine mbili za namna hiyo. Atomi husogezwa, swali huulizwa tena, na tena, na tena. Mwaka 1977 Andrew McCammon, Bruce Gelin na Martin Karplus walipofanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa protini nzima, walichukua moja ndogo yenye shanga 58 na kuifuata kwa muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Siku hizi ni kawaida kufuata protini kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kazi hiyo huhitaji hatua milioni 500 hivi. Karplus alipata tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na Arieh Warshel na Michael Levitt. Huyu wa mwisho, jambo ambalo Waafrika tunapenda kulitaja, alizaliwa Pretoria.

FUNDI NA KIPIMO CHAKE

Mwandishi wa makala haya si mkemia, na anakiri kwamba aliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza alidhani kompyuta imekwisha kuitangulia maabara. Haikuwa hivyo. Kompyuta huweza kukuchorea ngoma nzuri ambayo haijawahi kuchezwa. Springi zake ni makadirio, na muda wake ni mfupi. Protini inayochukua sekunde nzima kujifungua haitaonekana ikijifungua katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kosa dogo likirudiwa mara milioni 500 si dogo tena.

Kwa hiyo hesabu hupimwa. Maabara hubadilisha ushanga mmoja kwa makusudi, halafu hupima ni kiasi gani cha dawa kinachotosha kukizuia kimeng'enya. Ikiwa kompyuta ilisema dawa itashikwa kwa nguvu na kipimo kinasema italegea, kompyuta ndiyo iliyokosea. Kuna pia mashine za sumaku zenye nguvu sana, ambazo huweza kueleza ni shanga zipi zilizo karibu karibu na zipi zinazotikisika, protini ikiwa ndani ya maji. Vipo tena vipimo vinavyotoa ukubwa tu wa fundo zima bila undani wake.

Vipimo hivyo kila kimoja ni haba. Fundi cherehani akiambiwa kiuno na mabega tu, bado hajamjua mteja. Lakini akiwa na mitindo elfu moja ya gauni, vipimo viwili hivyo vinatosha kumfanya atupe mia tisa. Wataalamu wa leo hufanya vivyo hivyo. Kompyuta huzaa maelfu ya mikao ambayo protini ingeweza kuwa nayo, vipimo vya maabara hutumika kuipa kila mikao uzito wake, na ile isiyopatana na vipimo hupunguziwa uzito au hutupwa. Wengine hawangoji mwisho, bali huviingiza vipimo katika hesabu yenyewe tangu mwanzo, kama mkono unaomwongoza mtoto anayejifunza kuandika. Kinachopatikana si picha moja bali jamii ya mikao, pamoja na kiasi cha muda ambao protini hukaa katika kila mmoja. Msomaji atauliza faida yake ni nini nyumbani. Basi tuirudie pirimethamini.

Ncha yake ni ngumu, haipindiki. Ilipokutana na asparajini ya 108 haikuwa na pa kukwepea. Zilikuwapo dawa nyingine za majaribio zenye kiungo laini katikati, zilizoweza kujikunja na kupita kando, na picha ya mwaka 2003 ilionyesha waziwazi jinsi zinavyofanya hivyo. Kundi la Yuthavong likaongeza fikira moja ambayo, kwa maoni yangu, ni ya busara kuliko mashine zote tulizozitaja. Mfuko ule lazima uendelee kupokea chakula chake cha asili, sivyo kimelea mwenyewe atakufa. Basi ikitengenezwa dawa isiyozidi mipaka ya nafasi inayokaliwa na chakula hicho, badiliko lolote la kuifukuza dawa litakifukuza na chakula. Kimelea atakuwa amejifungia mlango wa jiko lake. Dawa hiyo, iliyopewa jina la P218, ilichapishwa mwaka 2012, na iliwaua hata vimelea wenye mabadiliko yote manne. Imekwisha kujaribiwa kwa watu waliojitolea. Haijafika katika maduka ya dawa, na njia kutoka majaribio hadi dukani ni ndefu na yenye kuangusha wengi.

KWA MAMA MJAMZITO

Mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini haujaondoka Afrika Mashariki. Haupewi tena mgonjwa wa malaria kama tiba ya kawaida, bali mama mjamzito hupewa kliniki kama kinga, kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, angalau dozi tatu. Ingawa vimelea wengi wana mabadiliko tuliyoyaeleza, Shirika la Afya Duniani limeendelea kuipendekeza kwa sababu watoto wa akina mama walioipata huzaliwa na uzito bora kuliko wa wale ambao hawakuipata.

Lakini lipo jambo moja ambalo mama yafaa alijue, nalo linatoka moja kwa moja katika ule mfuko wa protini. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kimelea asidi foliki. Mama mjamzito naye hupewa vidonge vya asidi foliki kwa ajili ya damu yake na mtoto. Kipimo kinachopendekezwa, miligramu 0.4 kwa siku, hakina ubishi na dawa. Vipo hata hivyo vidonge vya miligramu 5, ambavyo ni zaidi ya mara 12 ya kipimo hicho, na kiasi hicho huweza kumpa kimelea kile ambacho dawa inamnyima. Kwa hiyo mama asinunue asidi foliki dukani kwa kudhani kwamba nyingi ndiyo bora. Akiwa na kidonge cha miligramu 5 akionyeshe kliniki kabla ya kukimeza. Mboga za sahanini hazina makosa, ale lengalenga kadiri apendavyo.

Badiliko la ushanga wa 164, ambalo ndilo baya kuliko yote kwa dawa hii, limekwisha kuonekana kusini-magharibi mwa Uganda na nchini Rwanda. Ni majirani hao.

MAJIRANI WAMEBISHA HODI

Na sasa habari nzito zaidi. Artemisinini, inayotokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale, na ambayo ilimpatia Bibi Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, ndiyo nguzo ya tiba ya malaria katika kanda yetu yote. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye badiliko katika ushanga wa 561 wa protini iitwayo Kelch13. Mwaka 2021 mabadiliko mengine ya protini hiyo, ya ushanga wa 469 na wa 675, yaliripotiwa kaskazini mwa Uganda. Lile la 561 likaonekana pia mkoani Kagera, Tanzania. Atazamaye ramani ataiona Burundi ilivyokaa kati ya Rwanda na Tanzania.

Hapa siri si ya mfuko uliozibwa. Umbo la sehemu ya Kelch13 lilipatikana kwa fuwele mwaka 2015, nalo ni kama feni yenye mapanga sita. Artemisinini haikai katika feni hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walionyesha kwamba Kelch13 humsaidia kimelea kumeza damu ya mgonjwa. Kimelea akiila damu hubakiwa na madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoiwasha artemisinini ikawa sumu kwake. Protini ikilegea kwa sababu ya ushanga uliobadilika, kimelea hula kidogo, chuma kinapungua, na dawa haiwaki sawasawa. Kwa maneno mengine, amejifunza kufunga saumu mpaka dawa ipite. Kompyuta hutumiwa kukisia ni shanga zipi zikibadilika zitailegeza feni, na maabara huyahakikisha makisio kwa kuiandika upya jeni ya kimelea, ushanga mmoja, kisha kumtia dawa na kuhesabu wangapi wamesalia. Lile la 561 lilipimwa hivyo, na vimelea wakasalia kwa wingi zaidi.

Msomaji asishtuke akaitupa dawa yake. Usugu huu ni wa nusu. Vimelea huchelewa kuondoka katika damu, na dawa ya pili iliyo ndani ya kidonge kile kile humalizia kazi, mradi ipewe nafasi. Artemetha na lumefantrini humezwa mara 6 katika siku 3. Lumefantrini huingia mwilini vyema ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, iwe maziwa, uji uliotiwa karanga au mboga zilizoungwa kwa mawese, na mtoto mchanga anyonyeshwe. Tabia ya kukata dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, ili nusu iliyobaki ifichwe kwa ajili ya mgonjwa mwingine, huwaachia wawili hao dawa haba na vimelea waliokwisha kuionja.

KAZI INAYOFANYIKA AFRIKA

Mwaka 2020 kompyuta ya kampuni moja ya London ilifaulu kukisia maumbo ya protini kwa usahihi ambao haukuwahi kuonekana, na mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yakawekwa wazi kwa yeyote kuyatazama bure. Wakuu wake, Demis Hassabis na John Jumper, walipata nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024, na nusu ya pili ilimwendea David Baker wa Marekani. Yafaa ikumbukwe kwamba kompyuta hiyo ilijifunza kutokana na maumbo mengi mno yaliyopatikana maabarani, yaliyokusanywa katika hazina iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu. Tena inachotoa ni picha ya mpiga ngoma, si ngoma. Mwendo bado hutafutwa kwa njia tulizozieleza.

Hazina hizo kuwa wazi kumewafaa Waafrika. Mitambo mikubwa ya eksirei ya kupigia fuwele haipo katika bara letu, na kuijenga ni gharama ya kutisha. Lakini hesabu zinaweza kufanywa popote penye umeme, mtandao na mtu aliyesoma. Katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kundi la Özlem Tastan Bishop limekuwa likifuata kwa kompyuta mienendo ya protini za kimelea cha malaria na kuwafunza vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Nchi hiyo ina kompyuta kuu ya taifa huko Cape Town, iliyozinduliwa mwaka 2016 na kuitwa Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma.

Hata hivyo, hesabu hizo zote huanzia kwenye tone la damu. Bila kujua ni shanga zipi zilizobadilika katika vimelea vya mahali fulani, kompyuta haina cha kuhesabu. Katika vituo vya afya vinavyochaguliwa kwa uchunguzi, muuguzi humchoma mtoto kidoleni kwa ajili ya kipimo cha kawaida, kisha tone moja zaidi huangushwa juu ya karatasi nene kama ya kuchujia. Karatasi huachwa ikauke, hutiwa katika mfuko pamoja na kijifuko cha kunyonya unyevu, na huandikwa namba, si jina. Haihitaji barafu wala gari maalumu. Jeni za kimelea hudumu katika doa hilo kavu kwa miezi mingi, na mtu aliye mbali huweza kuzisoma, ushanga kwa ushanga. Mzazi huombwa ruhusa kwanza, na ana haki ya kuuliza damu ya mwanawe inakwenda wapi na itafanyiwa nini.